Lewisham: Waliojenga, Waliouza na Waliotunza

Wanakamati wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike juu ya mitaa ya Lewisham, ili wajukuu wapate pa kusoma siku watakapouliza walikulia mahali gani. Sharti lao lilikuwa nisiandike historia ya wafalme. Nimelikubali kwa furaha. Mitaa hii tunayokaa imejengwa na Baraza, hili ambalo vijana wetu wanaliita kaunsili, na hutunzwa au huachwa ikaoza kwa maamuzi ya madiwani wanaokutana Catford. Habari zao hazimo katika vitabu vya skuli, na wengi wetu tumepita mbele ya jumba lao miaka mingi tukienda sokoni bila kujua ndani yake limeamuliwa nini.

Mfalme mmoja, hata hivyo, sina budi kumtaja. Mwaka 1513 Henry wa Nane alianzisha Deptford, ukingoni mwa Mto Thames, karakana ya kuunda merikebu za vita. Ilidumu zaidi ya miaka 350 hata ikafungwa 1869. Uwanja wake ukageuzwa soko la ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka nchi za nje, nalo likafungwa 1913. Jirani yake palikuwa na bohari kubwa la vyakula na pombe ya ramu ya mabaharia wa serikali. Hilo likafungwa 1961. Mwaka 1970 zikafungwa na gati za Surrey zilizokuwa karibu, kwa sababu meli za makontena zilikuwa kubwa mno kwa gati zile za zamani. Wazee wetu waliofanya uhamali Malindi ya Unguja au Kilindini watafahamu bila ya kuelezwa: kontena moja linakula kazi ya genge zima.

Basi manispaa ya Lewisham ya leo, iliyoanza tarehe 1 Aprili 1965 kwa kuunganishwa Lewisham ya zamani na Deptford, ilizaliwa wakati viwanda na bandari vinakufa. Iliachiwa viwanja vitupu, nyumba kongwe zilizobomolewa na mabomu ya vita, na maelfu ya watu wanaotaka pa kulala. Mimi nilipofika Deptford mwaka 1978, kutoka Unguja kwa njia ya Dar es Salaam, nilidhani Waingereza wamekaa hivyo siku zote, katika magorofa ya saruji yaliyounganishwa kwa madaraja ya juu. Kumbe magorofa yale yalikuwa madogo kwangu kwa umri.

Makubwa kuliko yote ni yale ya mtaa wa Pepys, pale pale palipokuwa bohari la wanamaji. Waliyajenga si Lewisham bali serikali ya jiji zima la London, na Lord Mountbatten aliyafungua Julai 1966. Yalikuwamo majengo matatu ya ghorofa 24, Aragon, Daubeney na Eddystone, na chini yake majengo marefu ya ghorofa nane. Maghala ya ramu hawakuyavunja. Waliyatengeneza yakawa nyumba, na kazi ile ilisifiwa sana. Aliyewahi kuyaona magorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki kuanzia wakati wa Mzee Karume, ataona udugu wa fikra. Huku na kule wakubwa waliamini kwamba mtu akitolewa katika kibanda akapandishwa ghorofani, atakuwa amepandishwa na maisha. Huku na kule nyumba zilikabidhiwa kwa shangwe. Na huku na kule aliyekata utepe hakusema ni nani atakayebadilisha mabomba baada ya miaka thelathini.

Hilo la mabomba ndilo ninalotaka wasomaji wetu walishike, kwa sababu karibu kila ugomvi uliotokea katika Baraza hili tangu tulipofika ulikuwa juu ya utunzaji kuliko ujenzi. Kujenga kuna fedha za serikali kuu, kuna picha magazetini. Kubadilisha lifti, kuziba paa, kusafisha mto, kumlipa mkutubi, hayo hutafutiwa fedha kila mwaka upya, na mwaka wa dhiki ndiyo yanayokatwa kwanza. Juu ya hapo ikaja sheria ya 1980 iliyowapa wapangaji haki ya kununua nyumba za Baraza kwa bei nafuu. Zilizonunuliwa upesi ni zile nzuri zenye bustani. Zilizobaki mikononi mwa Baraza ni za ghorofani, zenye gharama kubwa za kutunza, na serikali kuu haikuziruhusu manispaa kuzitumia kwa uhuru fedha za mauzo kujengea nyingine. Baadhi ya jamaa zetu walinunua, wakafanikiwa, na siwalaumu.

Matokeo yake tuliyaona Pepys. Mwaka 2002 Baraza la Lewisham liliuza jengo zima la Aragon, lililo karibu kabisa na maji, kwa kampuni ya Berkeley Homes kwa pauni milioni 11.5. Wapangaji walihamishwa. Kampuni ikalitengeneza upya, ikaongeza ghorofa tano juu yake kufikia 29, na fleti zikauzwa kwa wenye uwezo wa kulipia mandhari ya Thames. Televisheni ya BBC iliifuata habari ile kwa miaka kadhaa na kuionyesha 2007. Hoja ya Baraza ilikuwa kwamba fedha za kulikarabati hazikuwapo, na kwamba mapato ya jengo moja yatasaidia kutengeneza sehemu nyingine za mtaa. Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Lakini tazameni maana yake: mtaa wa watu wa kipato kidogo ulilipia matengenezo yake kwa kutoa kipande chake kizuri kuliko vyote. Ni kama mtu aliyeuza chumba cha barazani, chenye upepo wa bahari, ili aezeke vyumba vya uani. Pengine hakuwa na njia nyingine. Ila wenye nyumba wa Forodhani hawajawahi kulazimishwa hesabu kama hiyo na mtu.

Sasa niwapeni habari ninayoipenda zaidi, nami nitakaa nayo kidogo.

Mwaka 1976 Baraza hili hili lilikuwa na viporo vya viwanja vilivyotawanyika upande wa kusini, huko Forest Hill, Sydenham na Honor Oak. Vilikuwa vidogo mno, au vimeinama mno mlimani, na hakuna mkandarasi aliyevitaka. Wakati ule palikuwa na mbunifu wa majengo mzee jina lake Walter Segal, aliyezaliwa Berlin 1907 kwa wazazi wa Kiyahudi kutoka Romania, mhamiaji kama sisi. Mwaka 1962, alipokuwa anaivunja nyumba yake ya Highgate ili ajenge nyingine, aliijengea familia yake kibanda cha muda bustanini. Kilimchukua wiki mbili na karibu pauni 800. Watu wakakiona kibanda ni kizuri kuliko nyumba, wakaanza kumwomba awajengee wao.

Fikra iliyopelekwa Catford ilikuwa hii: watu walio katika orodha ya kungojea nyumba za Baraza wapewe vile viwanja visivyotakiwa, wafundishwe na Segal, wajijengee wenyewe. Diwani Nicholas Taylor alikuwa mmoja wa walioipigania. Wapo waliodhani ni wazimu. Makarani watajua vipi nyumba ni salama? Mpishi au dereva wa basi ataweza kujenga? Ilipopigwa kura, fikra ile ilipita kwa kura moja tu. Diwani mmoja angeumwa na kichwa jioni ile, akabaki kwake, nyumba zile zisingekuwapo leo.

Aliyezaliwa Makunduchi au Pate akisikia namna ya ujenzi wenyewe hatashangaa hata kidogo. Unachimba vishimo vifupi, unamwaga zege kidogo, unasimamisha nguzo za mbao. Penye mteremko huhitaji kusawazisha ardhi, unarefusha nguzo za upande wa chini. Ukishasimamisha nguzo unaweka paa kwanza, halafu ndipo unafanya kuta, nawe umo kivulini hunyeshewi. Tofauti na kwetu ni kwamba hapakandikwi udongo wala hapapigwi plasta. Kuta ni mbao za kiwandani za kipimo kimoja, futi 4 kwa 8, zinazobanwa kwa skrubu, na ukitaka kusogeza ukuta unausogeza. Wajenzi walikuwa wanawake kwa wanaume, wakifanya kazi jioni na mwisho wa juma, na wenye nguvu wakiwasaidia wasio na nguvu siku ya kuinua fremu. Watu wa bara wanaiita kazi ya namna hii msaragambo. Wakenya wangeipigia harambee.

Mambo hayakwenda mbio. Ruhusa, mikopo na makaratasi viliwaweka watu zaidi ya miaka miwili kabla ya msumari wa kwanza. Nyumba za mwanzo zikakamilika kuingia miaka ya 1980, nyingine zikiwa mahali panapoitwa sasa Segal Close. Kundi la pili la nyumba 13, pale Honor Oak Park, lilimalizika 1987, na kichochoro chao kikapewa jina la Walters Way. Mwenyewe hakuuona mwisho wake, alifariki Oktoba 1985. Wakaazi walimiliki sehemu ya nyumba, na sehemu nyingine wakilipa kodi kwa Baraza. Nenda leo ukatazame. Wametoa vibaraza, wameongeza vyumba, wamepanda miti, na aliyejenga kwa mkono wake anajua kila skrubu ilipo, hamngojei fundi wa manispaa. Wanafunzi wa ujenzi huja kutoka nchi za mbali kupapiga picha. Na huko Ladywell, kundi jingine la wakaazi likafuata nyayo zile, likajenga nyumba 36 Church Grove katika miaka hii ya 2020.

Wengine wataniambia nyumba chache kama zile hazikuondoa shida ya maelfu. Kweli, hazikuondoa. Nataka tu ijulikane kwamba viwanja vilikuwapo, watu walikuwapo, na kilichokosekana muda wote ni ile kura moja.

Kuhusu mito nitasema kwa ufupi. Lewisham ina Ravensbourne na mkono wake Quaggy, vijito ambavyo mgeni huvidhania mitaro, kwa sababu vilitiwa ndani ya kuta za zege. Septemba 1968 vilifurika vikaingia majumbani, na dawa iliyojulikana wakati ule ilikuwa zege zaidi, maji yapite mbio yaende zake. Mwaka 1990 wakaazi waliunda chama chao, Quaggy Waterways Action Group, wakasema kinyume: mto upewe nafasi ya kutanuka katika viwanja vya wazi, maji yakae huko mpaka mvua ipite. Walionekana watu wa ndoto. Lakini mwaka 2002 mto ulitolewa katika zege pale Chinbrook Meadows, kisha zikafuata kazi za Cornmill Gardens, jirani na kituo cha Lewisham, na Ladywell Fields, ambako sasa watoto wetu huvua viatu wakaingia majini. Wenye jamaa Dar es Salaam wanaoijua Jangwani wakati wa masika wataona kwamba fikra hii si ya Wazungu peke yao. Bonde la Msimbazi halikuumbwa liwe gereji ya mabasi.

Ama maktaba, hiyo ni habari chungu kidogo. Baada ya mwaka 2010 serikali kuu ilizipunguzia manispaa fedha, na Lewisham ikaamua kuacha kuendesha maktaba tano: Blackheath, Crofton Park, Grove Park, Sydenham na New Cross. Mbili kati yao, Crofton Park na Sydenham, zilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa fedha za tajiri Carnegie. Mwisho wa Mei 2011 zikatoka mikononi mwa Baraza. Majengo matatu yalikabidhiwa kampuni moja ya kompyuta, ya Blackheath ikachukuliwa na shirika la wazee, na ya New Cross, ambayo ni vyumba vya duka tu pembeni ya barabara kuu, ikachukuliwa na wakaazi wenyewe. Walijipanga zamu bila malipo, wakaiita New Cross Learning, wakafungua milango. Pana watu walioniambia huo ni ushahidi kwamba Baraza lilifanya sawasawa, maana maktaba haikufa. Mimi naona hoja hiyo imepinda. Jirani akimlisha mtoto wako siku ulipomnyima, sifa ni ya jirani.

Taka nazo zina siasa zake. Tangu 1994 taka nyingi za Lewisham huchomwa katika mtambo wa SELCHP, unaoonekana na bomba lake refu ukipita kwa treni kuelekea London Bridge. Unatoa umeme, na joto lake hupelekwa kwa mabomba kwenye nyumba za Southwark. Oktoba 2017 Baraza likaamua pipa la taka za kawaida lichukuliwe kila baada ya wiki mbili, na mabaki ya chakula kila wiki katika kindoo chake. Malalamiko makubwa niliyoyasikia yalitoka kwa kina shangazi wanaopika pilau ya watu arubaini, ambao mapipa yao hayajui wiki mbili ni nini. Lakini nakiri kindoo kile kimewanyima panya riziki.

Nimeacha Tidemill mwisho kwa sababu bado inatugawa, hata ndani ya familia moja. Deptford, nyuma ya skuli ya zamani ya Tidemill, palikuwa na bustani iliyopandwa na wazazi na watoto katika miaka ya 1990. Skuli ilipohama 2012, wakaazi waliendelea kuitunza. Baraza likapitisha mpango wa kujenga nyumba 209 mahali pale, na kuvunja Reginald House, jengo la fleti 16 lililo kando yake. Agosti 2018 watu wakaingia bustanini wakalala humo, wengine juu ya miti. Tarehe 29 Oktoba walitolewa kwa nguvu, na mwanzoni mwa 2019 miti ikakatwa.

Upande wa Baraza ulisema: familia karibu 10,000 zimo katika orodha ya kungojea nyumba, na nyingine zimekaa miaka katika chumba kimoja cha muda. Upande wa bustani ulisema: hewa ya Deptford ni chafu, miti ile inasafisha, na nyumba zinaweza kupangwa upya bila kuigusa yote. Wakaazi walileta hata ramani mbadala. Ninao jamaa waliokaa na watoto wanne katika chumba cha muda, siwezi kuwaambia wangoje kwa ajili ya miti. Hata hivyo nasema kwamba Baraza liliihesabu bustani kama kiwanja kitupu, kwa kuwa katika vitabu vyake kazi ya mikono ya watu kwa miaka ishirini haikuwa na safu ya kuandikiwa. Pepys walisema fedha za kutunza hazipo. Tidemill utunzaji ulikuwapo, tena bure, nao haukuhesabiwa kitu.

Limebaki jambo ambalo vijana waliniuliza nilipokuwa nakusanya habari hizi: sisi tuliingia wapi katika hayo yote? Kwa sheria mlango ulikuwa wazi tangu zamani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayekaa Uingereza kwa ruhusa ana haki ya kupiga kura, hata kama hajachukua uraia wa hapa. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo. Mtu wa Msumbiji amo tangu nchi yake ilipojiunga 1995, na Mnyarwanda tangu 2009. Wengi wetu tulilipa kodi ya manispaa miaka kwa miaka, tukalipa hata ile kodi ya kichwa ya 1990, ambayo jina lake wazee wa bara walilijua tangu ukoloni, bila kuandikisha majina, tukidhani kura ni ya mwenye pasipoti ya Kiingereza. Madiwani wa Lewisham ni 54, huchaguliwa kila baada ya miaka minne, na tangu 2002 meya naye huchaguliwa na wakaazi moja kwa moja. Tangu 2023 ukienda kupiga kura lazima uchukue kitambulisho chenye picha.

Hata mwenye kukosa kura hazuiliwi kuingia. Mikutano ya mabaraza iko wazi kwa watu wote kwa sheria ya 1960, ambayo, amini usiamini, ililetwa bungeni na Margaret Thatcher akiwa mbunge mpya. Na ile karatasi inayofungwa kwenye nguzo ya taa mtaani, ambayo watu huipita wakidhani ni ya paka aliyepotea, aghlabu ni tangazo la ujenzi, na una siku 21 za kutoa maoni yako.

Wasio na haki ya kura ni wale jamaa zetu waliokuja kutoka Bukavu na Goma, Bujumbura, Ngazija, Mogadishu na Maskati, ambao nchi zao hazimo katika Jumuiya hiyo. Wanakaa ngazi moja na sisi, wanalipa kodi ile ile, lifti ikiharibika wanapanda kwa miguu kama sisi, na siku ya uchaguzi hukaa nyumbani. Wales na Scotland zimebadilisha sheria zao tangu 2020, na mgeni yeyote mwenye ruhusa ya kukaa anachagua diwani wake. Mkongo wa Deptford akihamia Cardiff leo anaandikishwa. Hapa Lewisham bado.